Niliosha vyombo vya maabara London, kipimo kikasema figo zangu zimekwisha

Wakuu, habari za humu ndani.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha. Majina nimebadilisha, chuo sikitaji, lakini yaliyobaki ni vile vile yalivyotokea. Sitaongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa London. Tulipanga Peckham, mimi na mke wangu, Mama Neema, na binti yetu. Mke alikuwa anafanya care work, anahudumia wazee. Mimi nilikuwa napiga chochote kinachopatikana.

Mwanza nilikuwa mwalimu wa chemistry sekondari. Ukifika kule hakuna anayekuuliza hayo.

Agency ikanipeleka kwenye lab ya chuo kimoja katikati ya jiji. Kazi: kuosha vyombo. Chupa, mirija, bika, vyote vya glasi. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, na overall na glovu mpaka kwenye viwiko.

Mnaodhani kuosha vyombo vya lab ni kama vya nyumbani, sahauni. Unaanza na sabuni, inakuja acid, halafu unasuuza mara kadhaa kwa maji ya mashine, maji yaliyochujwa mpaka hayana madini yoyote. Maji ya bomba mwisho wake ni hatua ya kwanza tu. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imebandikwa juu ya sinki, na neno NEVER, yaani kamwe usimalizie na bomba, limepigiwa mistari miwili.

Bosi wangu wa karibu alikuwa mwanasayansi mmoja, nimwite Dokta Nasim. Mhindi, kaka zake wana duka Tooting. Siku ya kwanza aliposikia natoka Mwanza aliacha kalamu.

"Mimi pia mtoto wa Mwanza," akasema. "Tuliondoka mimi na miaka tisa."

Na Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa miaka tisa kweli, hakikukua. Mimi akaniita Kaka Deo. Mimi nikamwita Dokta.

Yeye ndiye alinieleza wanachofanya pale. Wana dhahabu, lakini imekatwa vipande vidogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida haivioni. Nano. Ukiitia kwenye maji haiwi ya njano, inakuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Mwalimu mzima wa chemistry nilikuwa sijawahi kuona kitu hicho.

Vile vipande wanavivika protini fulani. Ukitia mkojo wa mtu ambaye figo zake zimeanza kuharibika, vipande vinashikana, na ile rangi nyekundu inageuka bluu. Ndiyo sensor yenyewe, yaani kipimo. Ndoto yake ilikuwa mtu kijijini ajipime bila mashine wala umeme.

Sasa wakahitaji watu wenye afya njema wa kulinganishia. Sita. Wote wa pale pale lab, na Dokta mwenyewe akiwemo. Nami nikajitolea.

Tukasaini form kwamba kipimo ni cha majaribio na hatutapewa majibu. Kila mtu akapewa namba. Mimi namba nne.

Siku ya kupima nilikuwa napita na trei ya vyombo vichafu. Chupa sita ndogo zimepangwa mezani, kila moja na namba yake.

Tatu nyekundu. Tatu bluu. Namba mbili, nne na tano.

Nilisimama pale na trei mikononi kama nimegongwa na kitu.

"Dokta, hiyo nne ni mimi."

Akageuka haraka. Akaona nimeona.

"Kaka Deo, usiangalie hiyo. Hii haijui kitu bado. Mimi mwenyewe sijui."

"Lakini ni bluu."

"Ni bluu, ndiyo. Mimi sielewi kwa nini. Watu watatu kati ya sita haiwezekani." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini nenda kwa GP. Mwambie apime figo. Kwa ajili yangu tu."

Wakuu, mtu anakwambia kipimo hakijui kitu, halafu anakwambia nenda hospitali. Ushike lipi?

Nilirudi nyumbani nikiwa sijielewi. Nikaanza kukumbuka kila maumivu ya mgongo niliyowahi kupata. Nikajiangalia miguu kama imevimba, nikaona imevimba. Mama Neema akaangalia akasema haijavimba. Nikaangalia tena, kweli haijavimba.

Neema, wakati huo ana miaka saba, Kiswahili anasikia chote lakini anajibu Kiingereza. Akamuuliza mama yake, "Is Daddy poorly?" Mama Neema akamjibu, "Baba yako ni mzima, anasumbuliwa na chupa."

GP, daktari wetu wa mtaa, akanipima damu na mkojo, vikapelekwa hospitali. Baada ya wiki mbili majibu yakaja: figo nzima kabisa.

Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi kama nusu saa. Halafu nikaanza: je, kama kile cha Dokta kinaona mapema kuliko cha hospitali? Si ndiyo sababu wanakitengeneza? Nikabaki na majibu mawili mfukoni, sijui lipi ni langu.

Na kule lab Dokta alikuwa anapukutika. Kila siku yuko kwenye daftari zake, anapiga hesabu upya. Kulikuwa na kikao na wafadhili kinakuja, na hana cha kuwaambia.

Jumamosi moja asubuhi Mama Neema akanituma nisugue birika. Mliokaa London mnayajua maji ya kule. Ukichemsha mwezi mmoja, birika ndani linajaa ukoko mweupe kama chaki.

Nikawa nakwangua na kijiko. Nikasimama.

Wiki ile ya kipimo, ile mashine ya maji ilikuwa imefunguliwa na fundi anabadilisha filter. Nilikuwa na trei mbili. Ya kwanza nilishaisuuza vizuri. Ya pili nikaambiwa inahitajika sasa hivi. Nikaitazama ile karatasi ya NEVER, nikajiambia mara moja tu, nikasuuza kwa maji ya bomba. Glasi ilikuwa inang'aa. Nikasahau kabisa.

Trei mbili. Wangechukua chupa tatu huku, tatu kule, na madini ya bomba yaliyobaki kwenye glasi yangeshikanisha dhahabu hata bila ugonjwa...

Nilikaa chini jikoni. Mama Neema akauliza nini, nikamwambia.

"Utamwambia?" akauliza.

"Watanifukuza."

"Mimi sijauliza hilo."

Nakiri hapa mbele yenu, Jumatatu nilienda na sikusema. Jumanne pia. Jumatano nikamkuta Dokta ameinamisha kichwa mezani, nikashindwa.

Nikamweleza yote. Fundi, trei ya pili, bomba.

Hakupiga kelele. Aliniangalia muda mrefu mpaka nikatamani apige.

"Kaka Deo, wiki tatu mimi natafuta kosa kwangu. Nimesema mimi mjinga. Kila siku nasema mimi mjinga."

"Nisamehe, Dokta."

"Nenda oshe. Zote. Mimi nasimama hapa naangalia."

Nikaosha chupa kumi na mbili huku amesimama nyuma yangu, hatua kwa hatua.

Watu wakatoa sampuli upya. Akapima mbele yangu, nadhani alitaka nione. Namba moja nyekundu. Tatu nyekundu. Nne, mimi hapa, nyekundu. Tano nyekundu. Sita nyekundu.

Namba mbili ikageuka bluu.

"Umeosha hii?" akauliza.

"Dokta, umeniona."

Akachukua chupa nyingine, akarudia. Bluu. Ya tatu. Bluu.

Nikamuuliza namba mbili ni nani. Akavua glovu taratibu, akakaa kwenye kiti.

"Ni mimi," akasema.

Dakika chache nyuma nilikuwa natamani kurukaruka kwa furaha. Nikamwambia maneno yake mwenyewe: nenda kwa GP, kwa ajili yangu tu.

Alienda. Kilichochukua wiki mbili kwangu, kwake kilichukua wiki nyingi, vipimo juu ya vipimo. Mwisho wakamwambia figo zimeanza kuharibika, ni mapema sana, mtu wa kawaida asingehisi chochote. Wakamwanzishia dawa.

Kazi sikufukuzwa. Aliandika kosa langu kwenye ripoti, lakini akaandika pia kwamba nililisema mwenyewe.

Mngependa niishie hapo. Mimi pia ningependa.

Mwaka uliofuata wakakijaribu kile kipimo kwa watu wengi zaidi. Kikawachanganya. Kilisema wagonjwa ni wazima na wazima ni wagonjwa, na mara hii vyombo vilikuwa safi, nawaapia. Pesa za mradi zikakata, dhahabu ikawekwa kabatini.

Siku ananiaga, Dokta nilimuuliza, "Sasa kwako kiliona kweli, au kilibahatisha?"

Akacheka. "Sijui, kaka. Kila siku nameza dawa, na sijui."

Ni mzima mpaka leo, tunasalimiana kwa simu.

Funzo nililobaki nalo ni dogo tu: ukikosea kazini, sema siku hiyo hiyo. Mimi zile siku mbili za kunyamaza huwa nazifikiria. Kama ningenyamaza moja kwa moja, asingerudia kupima, na angeendelea kujiona mzima. Lakini pia, kama nisingeharibu mwanzoni, bluu ingekuwa moja tu tangu siku ya kwanza, na angeenda hospitali wiki tatu kabla. Nikifika hapo kichwa kinagoma.

Wataalamu wa maabara mliomo humu, nisaidieni: kile kipimo kiliona au kilibahatisha? Na wengine, mngekuwa mimi Jumatatu ile, mngesema au mngekaa kimya? Semeni ukweli, nami nimesema wangu.