Ndege wa Ukurasa wa Thelathini

Kila gari la maktaba linapofika huku kwenye malisho ya Queensland, Australia, fundi wa pampu za visima hupanda akiwa na kofia mkononi na vidole vyeusi kwa grisi iliyoshinda sabuni. Mtunza maktaba, Noelene, haulizi tena anataka nini. Ni riwaya ileile ya mjane aliyepata mpenzi mpya, ambayo mke wa fundi aliiacha katikati alipofariki. Wasomaji wa huku wakimaliza kitabu huweka kila mmoja alama yake ya penseli ukurasa wa thelathini, wasije wakakiazima tena kwa kusahau; mke wa fundi alikuwa akichora ndege.

"Mzee, wilaya nzima imeshakimaliza. Wewe umekwama wapi?"

"Taratibu, dada. Mjane ndiyo kwanza kaanza kucheka."

Leo amekirudisha, akashuka bila kuchukua kingine. Noelene akafungua ukurasa wa thelathini. Katikati ya alama za watu alikuwapo ndege mdogo, mpya, wa mistari ya kutetemeka, pembeni yake doa la grisi. Alama ya fundi mwenyewe haikuwapo.