Tuliimba Wawili, Sasa Kwaya Haitaki Kuja Kwenye Kilio cha Mama Yangu

Admin, jina langu lifiche, ingawa wanakwaya wenzangu wakisoma hapa watanijua tu. Nimechoka hata kuogopa.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, Mkongomani wa Uvira. Naishi Vårby gård hapa Stockholm na binti yangu wa miaka kumi na sita. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu ya vita, kwa hiyo mnivumilie. Kazi yangu ni kupiga deki ngazi za majumba ya watu, na mgongo umeshakwisha. Mume sina, ndugu hapa sina. Nilichokuwa nacho ni kwaya ya kanisa letu. Ukizaa, kwaya inakuja na chakula. Ukifiwa, kwaya inakaa kwako na kuimba mpaka kilio kiishe. Huo ndio ukoo wangu.

Shida ilianza na Wakorea. Binti yangu anapenda kundi moja la vijana wa huko, nyimbo zao zote anazijua kwa moyo wala lugha haelewi. Wawili kati yao wakatoa albamu yao ya kwanza, wao wawili peke yao. Aliinunua, sanduku zuri lenye picha ndani. Mimi nikamwonea huruma, nikamwambia, "Pole mwanangu, kundi lako limevunjika."

Akacheka. Ukimsemesha Kiswahili yeye anajibu Kiswidi. Akasema, "Mama, halijavunjika! Hii ni kazi yao ya pembeni tu. Wenzao ndio wa kwanza kuwapongeza." Akanionyesha kwenye simu, na kweli, wenzao walikuwa wanawashangilia. Nilishangaa. Kwetu watu wawili wakianza kuimba pembeni, ujue kanisa linapasuka. Letu lilishapasuka hivyo hivyo, wakaondoka na ngoma na nusu ya watu.

Lakini jambo hilo likanikaa moyoni. Nina rafiki kwenye kwaya, nitamwita Mama Riziki. Tukipanga viti kabla ya ibada, mimi na yeye tulizoea kuimba nyimbo za zamani za mama zetu, ambazo kwaya haiziimbi. Siku moja nikamwambia, "Yaya, dada yangu, na sisi tufanye kama Wakorea." Alicheka mpaka akakaa chini. "Wee! Na magoti haya tutaruka vipi?" Lakini alikubali. Mganda mmoja anayekaa mtaa wa Hallonbergen ana vyombo vya kurekodi chumbani kwake. Tulienda kwake siku za mapumziko, tukatoa albamu yetu ndogo, akatuwekea kwenye mtandao.

Kosa ni picha ya mbele. Kwenye sanduku la Wakorea niliona wameandika na jina la kundi lao. Nikasema na sisi tuonyeshe tumetoka wapi. Tukavaa vitenge vya sare ya kwaya, tukapigwa picha tumeshikana mikono. Kwangu ilikuwa heshima. Kwaya ikaona tumeiba sare na kukimbia nayo.

Tuliitwa kwenye kikao. Nikaeleza kwamba hatujatoka, ni kazi ya pembeni tu. Rais wa kwaya akaniuliza mbele ya watu, "Mama Fulani, ungekuwa na mume, akaoa mke wa pili, akakuambia huyu ni wa pembeni tu, ungempigia makofi?" Watu wakacheka. Nikasema, "Papa, mbona Wakorea wanapongezana?" Akasema, "Basi nenda kawaimbie Wakorea." Wakacheka tena. Tukasimamishwa, na sare tukarudisha.

Jumapili iliyofuata Mama Riziki alipiga magoti mbele ya kanisa, akasema alivutwa. Aliyemvuta ni mimi. Wakamwinua, wakamkumbatia, akarudi kwenye mstari wake. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, natazama.

Ningevumilia. Lakini juzi mama yangu amefariki kule Uvira. Kwenda siwezi. Jumamosi hii nimeweka kilio hapa nyumbani kwangu. Nilipompigia rais wa kwaya, alinipa pole, tena kwa upole, halafu akasema, "Njoo Ijumaa kwenye mazoezi, upige magoti, utubu, na hizo nyimbo zifutwe. Jumamosi tutajaa kwako."

Ndugu zangu, kupiga magoti naweza. Kila siku napiga magoti kwenye ngazi za watu. Ila wimbo wa kwanza wa ile albamu ni wimbo wa mama yangu mwenyewe, alikuwa anatuimbia akitwanga. Alipokuwa anaumwa, mdogo wangu alimwekea simu sikioni. Mama akauliza, "Ni sauti ya mwanangu hii? Rudisha." Akarudishiwa mpaka akalala. Sasa nisimame nikasema wimbo ule ni dhambi, niufute, ndipo aimbiwe?

Nikikataa, nitakaa na viti vitupu. Kwetu kufa bila kuimbiwa ni kama kufa bila watu. Na mimi nikifa hapa, nani atakuja?

Jana nililia jikoni. Binti yangu akaja akasimama mlangoni, akaanza kuimba ule wimbo wa bibi yake, akishika ile sauti ya pili aliyoimba Mama Riziki, kwa Kiswahili, maneno yote. Sikumfundisha mimi. Ameushika kwenye albamu, kama anavyoshika ya Wakorea. Akaniambia, "Mama, sisi ni wawili."

Kesho ni Ijumaa. Mlioshika mila, mliofiwa ugenini, niambieni ukweli hata kama unauma. Sauti mbili zinatosha kumsindikiza mama, au nitakuwa nimemwaibisha? Niende nikapige magoti? Nishaurini, kwa sababu mimi kichwa changu kimefika mwisho.