Ndoo Mbili Haraka

Nina hasira, na mimi si mtu wa hasira. Pale ninapouza leso, Biashara Street, wateja husema nacheka hata nikikunja nguo.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Alikuwa akinibembeleza kwa wimbo alioutunga nyanya yangu mwenyewe. Haumo kwenye kanda wala kitabu. Sasa nina mimba ya miezi saba, na kila siku najiona nikimwimbia mwanangu. Lakini nyanya ameanza kusahau. Majuma matatu nilimuuliza, naye akijibu, "Uko hapa ulimini, hautaki kutoka tu."

Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, akanitumia ujumbe wa sauti. Duka limejaa, mikono imejaa leso. Simu yangu ina hiyo akili mnemba, inayokusikilizia na kukuandikia muhtasari. Ikaandika: "Nyanya anahitaji ndoo mbili haraka."

Nikajua maji yamekatika tena Kuze, kwa nyanya. Nilipotoka kazini nikanunua ndoo mbili, nikaingia nazo vichochoroni nikizigonga kama ngoma.

"Za nini hizi?"

"Si umeagiza, nyanya?"

"Niagize ndoo mimi? Nimekwambia ndoo, uje! Wimbo ulinijia wote, mwanzo hata mwisho."

"Basi niimbie."

Akafungua kinywa. Akakifunga. "Umekwenda zake."

Ndipo nikausikiliza ujumbe wenyewe. "Ndoo, mwanangu! Ndoo hima, umenijia!" Furaha tupu. Kwetu mtu mzima akisema ndoo anakwita, yaani njoo. Kaita mara mbili, simu ikahesabu ndoo mbili. Mtoto wa chekechea wa Kuze anajua. Mashine inayojisifu imesoma kila kitu haijui, na haikuona haya kubuni; si ingesema tu, "Hapa sikuelewa." Na hilo "umenijia" ililitupa wapi?

Nikamlalamikia kaka yangu, karani bandarini Kilindini. Akacheka. "Si uiambie ikutungie mwengine? Mtoto atajuaje?"

"Mimi nitajua!" Nilifoka hadi mtoto akaruka tumboni. Ati itupotezee wimbo wetu, kisha itupe wa kubuni, na tuseme asante?

Siku hizi chakula cha mchana nakula kwa nyanya, simu nimeizima. Juzi ulirudi mstari mmoja. Nikauimba naye mara kumi, kisha nikaurudia njia nzima hadi dukani, watu wakinisalimu siwaitikii, nisije nikaudondosha.