Mama Pindo na Miwani Aliyomkatalia Mungu

Saa mbili na robo asubuhi. Katika chumba chenye mlango mmoja unaotazama barabara, mwanamke wa miaka hamsini na minane ameketi nyuma ya cherehani yake, lakini hashoni. Anafumua. Mkononi ana kipande cha wembe, mapajani amelaza joho la zambarau, na puani mwake imekaa miwani yenye fremu nyekundu kama pilipili.

Anakata uzi kuzunguka msalaba mweupe ulioshonwa mgongoni mwa joho hilo. Kila baada ya nyuzi tatu nne anacheka peke yake.

"Tazama mshono huu," anasema, akilisogeza joho kwenye mwanga. "Umenyooka kama rula. Mshono safi, msalaba kichwa chini! Ndiyo mimi huyo."

Wateja wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo zake hazifumuki. Ameshona miaka thelathini na mmoja. Majoho yote ishirini na manne ya kwaya ya kanisa lake yametoka mikononi mwake. Hili la mwalimu wa kwaya ndilo lililolainisha shingo yake, shingo ambayo mumewe anasema ilikuwa ngumu kuliko springi ya lori.

Mambo yalianza miaka minne iliyopita. Vya mbali aliviona vizuri. "Mteja akiwa kule kwenye kona, nilijua kwa mwendo wake kama anakuja kulipa au kulalamika," anasema. Lakini vya karibu vilijaa ukungu. Muuguzi mmoja anayesali naye alimweleza kwamba ni umri tu, avae miwani ya kusomea, kazi iendelee.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Mungu wangu hatumii vioo, dada."

Angeishia hapo ingekuwa afadhali. Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, alisimama na kutangaza kwamba Bwana amekwisha kumponya, na kwamba miwani haitagusa pua yake mpaka azikwe. Kanisa lilipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele.

"Nilitoa ushuhuda kabla ya muujiza," anasema sasa. "Nilidhani nikishasema mbele za watu, Mungu ataona aibu, atatimiza. Kumbe aibu ilikuwa inanisubiri mimi."

Tangu siku hiyo alifungwa na maneno yake mwenyewe. Kuvaa miwani ilikuwa sawa na kusimama tena na kusema hakuponywa. Akaona bora kupapasa. Alipotaka kubadili rangi, aliufunga uzi mpya kwenye mwisho wa ule wa zamani, akauvuta upite kwenye sindano ya cherehani, asilazimike kulitafuta tundu. Kanisani alifunua Biblia wenzake walipofunua, akatikisa midomo. Nguo kumi na mbili kwa wiki zikapungua hadi tano.

Nyumbani mtu mmoja aliliona hilo bila kuambiwa. Mumewe, fundi magari mstaafu, kila asubuhi kabla ya chai alitunga uzi kwenye sindano ishirini za mkono, akazichomeka kwenye kipande cha sponji na kukiweka kando ya cherehani. Hakusema neno. Mkewe naye hakuuliza.

"Ningeuliza, ningekuwa nimekiri kwamba sioni," anasema Mama Pindo.

"Sikio la kufa halisikii dawa, na jicho la huyu lilikuwa jirani wa hilo sikio," anadakia mumewe kutoka mlangoni. "Nikasema, Mungu ana zamu yake na mimi nina yangu. Yangu ni sindano."

Mara mbili madaktari wa macho walifika kwenye ua wa kanisa. Mara ya kwanza alisingizia tumbo. Mara ya pili mchungaji alimfuata hapa hapa kazini.

"Mama, si unaomba uponyaji?"

"Kila siku, mchungaji."

"Na jibu likija limevaa koti jeupe la daktari?"

"Likavue kwanza, ndipo lirudi."

Akifika hapo katika kusimulia, anavua miwani na kufuta machozi ya kicheko.

Ikafika Jumapili ya kuzindua majoho mapya. Misalaba ilikuwa midogo, mkono wa chini umezidi wa juu kidogo tu. Kwa macho yake ya karibu kila mmoja ulikuwa doa jeupe, na aliishona kwa kupapasa. Ishirini na mitatu ilikaa sawa. Mwalimu wa kwaya aliingia wa mwisho, akasimama mbele, akawageukia waimbaji na kuwapa waumini mgongo.

Mama Pindo, akiwa benchi la sita, alikuwa wa kwanza kuuona.

"Mbali naona, si nilikwambia? Niliuona kama ninavyokuona wewe. Nikatamani benchi linimeze."

Mnong'ono ukasambaa. Mwalimu, asiyejua lolote, alidhani watu wameguswa na wimbo, akapandisha mikono juu zaidi. Zikaimbwa beti tatu. Mama mmoja aliuliza kwa sauti, "Hiyo si alama ya yule mwovu?" Mzee wa kanisa akainuka kumwendea mwalimu, uso umekunjamana.

Hapo ndipo fundi wetu alipolazimika kuchagua. Angenyamaza, lawama ingemwangukia kijana wa watu. Angesema, ushuhuda wake wa miaka yote hiyo ungeanguka mbele ya wale wale walioushangilia.

Alisimama. "Mwacheni, ni mimi," alisema. "Si shetani, ni macho yangu. Sikuponywa. Niliwadanganya, na nikakataa kila dawa ambayo Mungu aliniletea."

Mwalimu wa kwaya alikuwa akijizungusha kama mbwa anayefukuza mkia, akitafuta kilichoko mgongoni pake. Alipoelewa, akasema, "Mama, na mimi nikadhani leo nimeongoza vizuri!"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji akaongeza kwamba mapokeo yanasema Petro alisulubiwa kichwa chini, naye alikuwa mbishi wa kutosha, basi leo amekumbukwa. Vigelegele vilivyofuata, anasema Mama Pindo, vilizidi vile vya ushuhuda wa kwanza.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kupimwa. Alipovalishwa miwani, alisoma herufi hadi mstari wa mwisho, akaomba aletewe kadi nyingine. Aliporudi nyumbani alimtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Baba watoto, kumbe umezeeka!"

"Siku nyingi. Nilikuwa nakusubiri ufike."

Leo nguo zimerudi kuwa kumi na moja kwa wiki. Usiku ule wa kwanza, anasema, alisoma zaburi nne mfululizo, kisha akaomba toba.

"Kuna wateja wengine," anaeleza. "Analeta kitambaa, anataka nguo imkae vizuri, lakini ukimsogelea na tepu anaruka. Nimewasema sana. Kumbe mbele za Mungu mteja huyo nilikuwa mimi."

Jumapili hii atasoma somo mbele ya kanisa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliomba apewe lililo refu kuliko yote. Baadaye anatarajia kuwafuata nyumbani mafundi wenzake wanaoficha macho yao, awapeleke kupimwa. "Visingizio vyao vyote navijua," anasema. "Vingine nilivibuni mimi."

Msalaba umekwisha kubanduka. Anaugeuza, anausogeza karibu na miwani, anaupima kwa tepu juu na chini, kisha anaupima tena.

Mumewe anaingia na kuweka sponji kando ya cherehani. Sindano ishirini, uzi tayari.

"Mzee, si naona siku hizi?"

"Najua. Mkono umezoea."

Mama Pindo anazitazama sindano, moja baada ya nyingine. Anaisukuma miwani juu ya pua.

"Ziache hapo hapo," anasema, akichomoa ya kwanza. "Nitazitumia zote."