Kichanja cha Kupikia Pombe ya Mama

Juzi nilipita Usagara, hapa Tanga mjini, mbele ya kibanda cha fundi wa kuchomelea, nikaona vyuma vya chaneli vimeegemezwa ukutani, vile vilivyokunjwa kama mfereji, vyenye matundu mgongoni. Nikasimama. Fundi akaniamkia shikamoo, akauliza nataka kutengenezewa nini. Nikamwambia sitaki kitu, nimechoka na jua tu. Nilimdanganya. Wewe, mwenzangu, sikufichi. Haya sijapata kumsimulia mtu, na waliokuwa wakiyajua wameshakwisha.

Nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, nje kidogo ya Tanga. Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani. Mama, mtu wa milimani, alikuwa akipika pombe ya ulezi kila Jumamosi. Nyumba zetu zilikuwa za safu, ukuta mmoja watu wawili, hata jirani akipiga chafya ulimwombea afya ukiwa kitandani kwako. Jirani yetu huyo alikuwa mama wa Kidigo, mpika vitumbua. Pombe hakuitaka hata harufu, lakini togwa ya mama, kabla haijachachuka, alituma bakuli aletewe, na bakuli lilirudi kwetu na vitumbua viwili vya moto. Asubuhi moshi wa vitumbua, kimea cha ulezi kilichoanikwa kwenye jamvi, na uchachu wa maganda ya mkonge kutoka kiwandani vilichanganyika pamoja. Watu wa mjini walikuwa wakiziba pua wakija kambini. Mimi nilidhani dunia nzima inanukia hivyo.

Mama alichemsha maji kwenye mafiga, pipa zima, kisha akayabeba kwa ndoo kwenda kuyamimina kwenye kimea. Jumamosi moja akateleza. Maji yalimmwagikia kutoka pajani mpaka unyayoni. Sikumbuki kama alilia. Nakumbuka jirani akiingia bila hodi na kopo la asali, akimpaka huku akimsomea dua, na baba akija mbio kutoka kiwandani, spana bado iko mkononi. Mama alilala kwa ubavu mmoja wiki nyingi. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alikaa karibu na kitanda, akasema, "Hutabeba tena maji ya moto katika nyumba hii."

Siku zile kiwandani walikuwa wanang'oa mashine moja kuukuu, na msimamizi akamruhusu achukue chaneli zilizokuwa zimeshikilia nyaya za umeme ukutani. Hatukujiuliza kwa nini mashine inang'olewa na nyingine haiji. Baba alimsimamisha mama ukutani, akaweka alama ya mkaa kwenye kiwiko chake na nyingine kwenye kiuno, akakata vyuma kwa kufuata alama hizo. Akaunda kichanja cha ngazi tatu. Ya juu ilibeba pipa la maji, na chini yake jiko la mkaa. Ya kati ilibeba pipa la kimea. Ya chini, mtungi wa kupokea. Kila pipa alilitia koki, maji yashuke yenyewe. "Maji hayabebwi," alikuwa akisema, "maji huonyeshwa njia."

Hakuchomelea hata mahali pamoja. Vyote vilifungwa kwa boliti. Nati zilikuwa ndogo, zenye springi, na zilitakiwa kupenyezwa ndani ya ule mfereji na kugeuzwa zikae sawasawa. Vidole vya baba vilikuwa vinene. Kazi ile akanipa mimi. Kila nati iliyokaa aliitikia kwa kichwa, na mimi moyo ukanijaa. Hakuna shule niliyosoma baadaye iliyonipa furaha ile.

Kichanja kilifanya kazi. Mama alifungua koki kwa kidole kimoja, akakaa kwenye kigoda akachambua mchicha huku pombe inajishukia. Mguu ulipona, ukabaki na ngozi ya kung'aa. Nakumbuka akicheka.

Halafu kiwanda kikafungwa. King'ora kilichokuwa kikituamsha kikanyamaza, na siku ya kwanza watu wote kambini walichelewa kuamka, kisha wakakaa barazani kama wenye msiba. Mama sasa akapika mara tatu kwa wiki, maana kazi ilikuwa imekuwa nyepesi na sisi tulihitaji kula. Wanaume waliokosa kazi wakahamia uani kwetu. Baba mwanzoni alionja tu, kuangalia kama koki hazitoi kutu. Jumapili moja hakwenda kanisani, alikokuwa akiimba sauti ya chini. Ya pili pia hakwenda. Mwisho akawa anaamka na kwenda moja kwa moja kwenye ngazi ya chini, kikombe mkononi, kabla hata hajanawa uso.

Jirani alimsihi mama kwa upole, akamwambia, dada yangu, huyu mtu anaondoka na sisi tunamtazama. Mama akaendelea kukoroga kimea. Lakini asubuhi iliyofuata, baba akiwa amelala, aliniita uani, akanipa spana. Tukafungua boliti zote. Tulizilaza chaneli chini ya ukuta, nati tukazitia kwenye kopo. Mama akaingia ndani kulala kidogo.

Baba alitoka jua likiwa limepanda. Alisimama akavitazama vile vyuma. Hakugomba. Alichuchumaa, akajaribu kupenyeza nati. Nati ikamponyoka; akaiokota, ikadondoka tena. Akaniangalia, na macho yake yalikuwa yameloa.

"Nisaidie, mwanangu," akasema. "Vidole vyako ni vidogo."

Nikamsaidia. Nati moja baada ya nyingine, mpaka kichanja kikasimama. Na kila moja, aliniitikia kwa kichwa.

Tulimzika baba kabla ya mvua za masika. Mama hakupika tena. Vile vyuma sijui vilikwenda wapi. Siku moja tulitoka msibani kwa watu, tukakuta ua mtupu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nilimuuguza hapa mjini mpaka mwisho. Siku moja nikimkanda ule mguu nilijikaza nikamuuliza kama anakumbuka siku ile ya boliti.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Niliwaona. Nikashindwa kuwaita."

Akageukia ukutani.

Kambi haipo. Safu za nyumba zimebomolewa, jirani alikwishazikwa kwao, na pale kilipokuwa kiwanda pamepandwa mihogo. Ukipita na gari hutajua kwamba watu waliwahi kuishi pale. Wala sililii shamba la mkonge. Lilituchosha tangu babu. Ninachokililia ni mtu wa kumuuliza swali moja. Mwaka niliozaliwa haukuandikwa popote, mama aliuhesabu kwa mavuno, na mavuno yake amekwenda nayo. Hakuna tena wa kuniambia nilikuwa na umri gani asubuhi ile: kama nilikuwa bado mtoto wa kusamehewa, au nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kujua.