Salamu Maria Moja kwa Kila Jiwe

Kisangani muzima hakuna mukono kama ya ule mama mwenye kupamba tisheti. Mwenye kubisha aende avae yake bila kungaa. Tangu vita ikate courant ya umeme, anatumiaka pasi ya makala. Anapangaka tujiwe twa kungaa na ncha ya kisu, anatandika kitambaa juu, anafinya pasi na kusali Salamu Maria moja, polepole. Hanyanyuake pasi mbele ya Amina, hata bombe ilie, sababu kole, ile gundi ya mugongo ya jiwe, inakuwa haijayeyuka. Vidole vyake viko na madoa ya moto kama ndizi makemba ya kuchoma.

Siku moja Octave alikuwa anangojea tisheti ya muchumba wake, ule Octave mwenye kujisifu eti haogopake mutu. Askari mumoja akaingia na bunduki, akakamata kopo ya tujiwe, na kazi yote ya mama iko mule. Octave alikuwa tayari chini ya meza.

"Hii ni almasi!" askari akasema.

"Almasi iko na kole mugongoni, mutoto yangu? Leta kofia yako."

Mama akaweka jiwe moja mbele ya kofia, akafinya. Askari akasimama kichwa wazi, anangojea sala iishe.

"Amina," mama akasema.

"Amina," askari naye akajibu.

Jiwe ikashika. Askari akarudisha kopo na mikono mbili.

"Bon," mama akamwambia, "ukienda kwenye vita ya masasi, geuza kofia. Jua isipige jiwe ikakuonyesha."