Filamu Niliyoikimbiza

Filamu niliyoipenda kuliko zote mwaka huu inahusu dada wawili wanaogawana vyombo vya mama yao aliyefariki. Ni ya nchi ya theluji, lugha yake siielewi, na kwa muda mrefu hakuna kinachofanyika ila kufunga sahani kwa magazeti. Niliitazama ukumbini Nairobi, mchana wa siku ya kazi, tukiwa wachache hata mlinzi wa mlango akaja kukaa viti vya nyuma akatazama nasi. Dada mkubwa alipokuta kikombe kilichovunjika mkono, akakitia kwenye boksi la vitu vya kubaki, nililia. Nikajisingizia mafua, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Ya pili naona aibu kuitaja. Ni filamu ya mapigano niliyoitazama kwenye kibanda cha video Embulbul, nilipomtembelea binamu yangu. Filamu za huko huja zikiwa zimefunikwa na sauti ya msimulizi wetu, ambaye huwapa mashujaa wa Kichina majina ya mtaani na kueleza mambo anavyotaka. Jambazi alipochungulia dirisha la adui yake, msimulizi alituambia amekuja kuuliza kama stima imepotea kwao pia. Kibanda kizima kilianguka kwa kicheko. Niliiweka nafasi ya pili kwenye orodha yangu, nikaogopa kuonekana mshamba nikaishusha, nikaona huo ni uongo nikairudisha.

Ya tatu ni ya kuchekesha, ya kamati ya harusi iliyokula bajeti ya nyama kabla ya harusi. Hiyo niliitazama sebuleni kwetu Kitengela na mama, ambaye kwa kawaida hulala filamu ikianza. Safari hii alishika rimoti mwenyewe. "Ngoja, nirudishe hapo," alikuwa akisema. "Huyu si ndiye alisema hali nyama? Sasa anatafuna nini?"

Zilizonivunja moyo zilikuwa nyingi zaidi. Ile kubwa ya mashujaa wanaoruka, ambayo dunia huangamia kila baada ya robo saa na hakuna anayechelewa kazini. Ya kutisha ambayo mzuka unasimama na kueleza matatizo yake kama mgonjwa kliniki. Ya mapenzi ya Nairobi, ambayo kila mtu ana nyumba ya vioo na hakuna hata mmoja anayeuliza kama maji yamekuja. Niliandika vichekesho vya namna hiyo kuhusu kila moja, na watu walicheka sana.

Nimeeleza haya kwa sababu kila Desemba mimi hutoa orodha kwenye chaneli yangu ya simu: bora za mwaka, na zilizoniangusha. Nilianza nikiwa kidato cha nne. Wanaoifuata ni watu niliosoma nao, vijana wa kanisa letu, na wengine nisiowajua. Mtaani huniita mtu wa muvi. Sijasomea filamu popote. Nilichonacho nimekiokota kwenye intaneti, kidogo kidogo, na ndiyo maana nina hofu ambayo haiishi: kwamba siku moja mtu atauliza, "Na hii je, hukuiona?" halafu kila mtu atajua kwamba mimi ni mtu wa kubahatisha tu.

Basi naziona zote. Lakini mwaka hautoshi kuziona zote, kwa hiyo nilijifunza kuzikimbiza. Kwenye kompyuta kuna kitufe cha kasi. Ukikiweka moja na nusu, watu wanaongea haraka kidogo kama watangazaji wa mpira, na baada ya muda sikio linazoea. Filamu inayomchukua mwenzako jioni nzima wewe umeimaliza na chakula hakijaiva. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia ni njia ya kufanya kazi.

Kati ya hizo nilizoziacha hadi dakika ya mwisho, moja ilikuwa ya rafiki yangu.

Tulisoma naye shule ya msingi hapa Kitengela. Kwao ni upande wa Kajiado, lakini alikuwa akikaa kwa shangazi yake ili awe karibu na shule. Baadaye alianza kozi ya uuguzi, akaiacha katikati, akashika kamera. Baba yake hakumfukuza wala hakumpigia kelele. Aliacha tu kuongea naye. Kukiwa na jambo, mzee humwambia kaka wa rafiki yangu, na kaka humpigia dada yake.

Filamu yake ni fupi, ya Kimaa, lugha ya Wamaasai, yenye maandishi ya Kiswahili chini. Aliipiga na marafiki na jirani zao. Ilikuwa ionyeshwe Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa kanisa Kajiado, na kaka alikuwa ameshaleta habari kwamba mzee amekubali kuja. Rafiki yangu aliponitumia filamu aliniambia hivyo mwenyewe: "Watu wengine wakikuja ni sawa. Mimi nangoja mmoja."

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba nilijua.

Niliitazama Alhamisi, siku ya kutoa orodha, kwa kasi ya moja na nusu, huku nikipiga pasi. Kuna mahali binti anarudi nyumbani baada ya kukaa mbali, anamkuta baba yake akitengeneza ua wa mbuzi. Niliona binti ameangalia chini, mzee ameinama kuokota koleo, kisha kamera imehamia kwingine. Nikaandika kwamba filamu inatuahidi mkutano wa baba na mwana halafu inatupa msichana anayetazama ardhi kama aliyesahau maneno yake. "Hakuna kilichotokea," nikamalizia. Niliiweka kati ya zilizoniangusha. Kusema kweli, sikuichukia. Nilitaka tu ionekane kwamba sipendelei hata rafiki.

Asubuhi iliyofuata alinitumia ujumbe wa sauti. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kaka yangu anafuata chaneli yako. Jana jioni amemsomea baba, maneno yote, kwa Kimaa. Baba amesema hawezi kupoteza Jumamosi na kitu hata rafiki yangu amekataa. Usinipigie. Kama ulikuwa unakuja, kuja tu."

Nilienda. Ukumbi ulikuwa umejaa akina mama wa kanisa, vijana, na wazee kadhaa waliokaa karibu na mlango. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa leso ili giza liingie. Rafiki yangu alisimama kando ya projekta, akanisalimia kwa kidevu tu, kisha filamu ikaanza.

Mahali pale palipofika, sikupatambua. Binti alitoka barabarani na sanduku lake, akafika kwenye ua, akasimama mbele ya baba yake na kuinamisha kichwa. Ilikuwa salamu. Mtu yeyote aliyekulia Kajiado anaijua: mtoto humwinamishia mkubwa kichwa, na mkubwa hukigusa kwa kiganja. Mimi ni mtoto wa watu wa magharibi ya Kenya, lakini kichwa changu pia kiliguswa na wazee wa jirani zetu mara nyingi, nikirudi shuleni, hadi nikawa mrefu.

Mzee wa kwenye filamu hakukigusa. Alibaki ameshika waya, akikitazama kile kichwa. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi. Kiganja kilifunguka, kikajifunga. Binti hakuinuka. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kunung'unika.

"Si amguse."

"Ngoja, atamgusa," mwingine alisema.

"Anangoja nini? Gusa mtoto, wewe mzee!"

Watu wakacheka kwa wasiwasi, kisha wakanyamaza. Mtoto aliuliza kitu kwa Kimaa, akaambiwa shhh. Na mzee yule akainama, akaokota koleo, akarudi kwenye waya wake. Ukumbi mzima ulitoa pumzi. Mama wa nyuma alisema polepole, "Ee Mungu." Binti bado alikuwa ameinama.

Nilikaa pale nikiwa na joto la uso lisiloisha. Sikusikia vizuri yaliyofuata.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai, nilimfuata rafiki yangu akiwa anakunja waya za projekta.

"Niliikimbiza," nikasema.

"Ulifanya nini?"

"Niliiweka moja na nusu. Nikipiga pasi."

Aliacha zile waya. "Ukipiga pasi."

"Mashati ya kanisa," nikasema, kana kwamba kujua ni mashati gani kungesaidia.

"Angalau yalinyooka?"

Akarudi kwa waya zake. "Aliyenisaidia kuunganisha picha alitaka kukata hapo," akasema. "Alisema watu watachoka. Tulikosana naye karibu tuache kazi. Halafu wewe umekata na kidole."

"Nitabadilisha leo. Naiweka juu kabisa."

"Ukiigusa hiyo orodha, tumekosana. Watasema nimekulilia. Mimi sikutaka nafasi kwa orodha yako, bwana. Nilitaka mzee mmoja akae kwa hiyo benchi." Akafunga waya wa mwisho. "Kama unataka kuomba msamaha, nyumbani unapajua. Enda umwambie yeye."

Jioni hiyo niliifungua orodha yangu na kuisoma kama ya mtu mwingine. Dada wawili niliwatazama ukumbini, ambapo kasi si yangu. Ya mapigano, kibandani. Ya harusi, rimoti ikiwa mkononi mwa mama. Zote nilizozipenda nilizitazama mahali ambapo sikuwa na kitufe. Zilizoniangusha, karibu zote, nilizitazama peke yangu na kidole changu kikiwa juu ya kitufe. Labda ile ya mzuka ni mbaya kweli. Sijui tena. Nimewachekesha watu mwaka mzima kwa filamu ambazo sikuziona.

Jumapili baada ya ibada nilienda kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya tangi la maji. Nilifika mbele yake nikiwa sijui nitoe mkono au kichwa, nikabaki nimepinda katikati kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Akanipa mkono, akanisalimia kwa Kimaa.

"Supa."

"Ipa, mzee."

"Wewe ndio mtu wa sinema. Kaa."

Nilikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, nikamweleza yote, hata ya pasi. Nilimwambia kwamba nilihukumu kitu ambacho sikukitazama, kwamba nimekitazama jana, na kwamba ukumbi mzima uliongea na ile picha kana kwamba inasikia. Alinisikiliza akiwa anatazama mbuzi.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa nikuambie. Kijana yangu aliponisomea hiyo maneno yako, mimi nilifurahi."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nilikuwa nimesema nitaenda. Mtu mzima hawezi kurudisha neno hivi hivi. Lakini watu wameniambia ndani ya hiyo sinema kuna mzee. Kwa hivyo nilikuwa natafuta sababu. Wewe ukanipatia." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Nilisema, huyo kijana ni mzuri, amenisaidia. Na sasa umekuja hapa kuninyang'anya."

Kutoka jikoni, mama wa rafiki yangu akaingilia bila kutoka nje. "Mwambie na ile koti!"

"Koti gani?" nikauliza.

"Koti ilitolewa kwa sanduku Jumatano ikaanikwa. Mimi mwenyewe nimeanika. Alhamisi usiku ikarudishwa. Mwambie kijana."

"Hii nyumba haina siri," mzee akasema.

Nilisema samahani tena. Nilihisi neno lenyewe limekuwa dogo. Nilikuwa nimekuja nikidhani nimemzuia baba kwenda, na kumbe nilikuwa nimefanya kitu kibaya zaidi. Mtu alikuwa amesimama mahali pagumu, karibu aingie, nami nikamfungulia mlango wa kutokea.

Chai ililetwa. Alipomaliza kikombe aliniuliza, bila kunitazama, "Na huyo mzee. Mwisho wake, anamgusa?"

Jibu nilikuwa nalo. Miaka yote hii, mtu akiniuliza kuhusu filamu, mimi hujibu kabla hajamaliza swali. Nilifungua mdomo, nikaona mkono wake umeshika kikombe kitupu kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Mzee, sitasema."

"Husemi?"

"Ni ya binti yako. Akuonyeshe yeye."

Alitoa sauti ndogo ya puani, sijui kama ni kicheko au ni kukereka. Mbuzi mmoja alikuwa amepanda juu ya mawe ya tangi, mzee akamfukuza kwa fimbo, akarudi kukaa.

"Basi mwambie aje nayo," akasema. "Hapa. Si kanisani. Na wewe usikuje."

"Nimwambie mimi, au kaka yake?"

Aliilaza fimbo chini ya kiti. "Nipe hiyo simu yako," akasema. "Mtafute."

Nilimtafuta rafiki yangu, nikampa mzee simu, nikatembea hadi upande wa pili wa zizi ili nisisikie. Sikusikia. Niliona tu kwamba hakuwa anaongea sana.

Wiki iliyofuata rafiki yangu alienda kwao na kompyuta yake. Hayo nimeambiwa na kaka yake, ambaye pia alitolewa nje ya nyumba. Rafiki yangu mwenyewe hajaniambia lolote kuhusu jioni hiyo, nami sijauliza. Tunasalimiana. Orodha sijaigusa, kama alivyotaka. Filamu yake bado iko pale kati ya zilizoniangusha, na watu bado wanaweka nyuso za kucheka chini ya sentensi yangu, ile ya msichana aliyesahau maneno yake. Kila uso unapoingia simu hunijulisha. Naifungua, nautazama.